Je, wajua kwa nini mtu aliyepona hepatitisi C bado anaambiwa arudi kupimwa kansa ya ini?

Mtu kameza vidonge wiki 12, kila siku, hajaruka hata siku moja, akasubiri wiki nyingine 12 ndo akapimwa, majibu yakaja kirusi hakionekani tena kwenye damu. Huko ndo kupona kwenyewe, sio kutulizwa tu. Afu hapohapo daktari anamwambia, "sawa, miezi sita ijayo uje tukupige ultrasaundi ya ini, tuangalie kama kuna kansa." Sasa mtu anabaki anajiuliza, kama nimepona mnatafuta nini tena?

Swali lina haki kabisa, na wengi wanaacha kurudi kwa sababu tu hakuna aliyekaa nao akawaelezea. Wanaona wamemaliza.

Kwanza dawa zenyewe ni nzuri mno, hilo tusilipunguze hata kidogo. Kabla ya 2013 watu walikuwa wanachomwa sindano za intaferoni mpaka wiki 48, wanaumwa nazo, na wengi bado kirusi kilikuwa hakiishi. Zikaja dawa za kumeza kama sofosbuvir, na sasa zaidi ya watu 95 kati ya 100 wanapona. Na hatari ya kansa ya ini inashuka sana ukishapona, tafiti nyingi zinaonyesha inapungua kwa karibu asilimia 70. Mwaka 2016 kulitokea hofu kwamba hizi dawa mpya zenyewe ndo zinaamsha kansa, watu wengine wakaogopa kuanza dozi, lakini tafiti kubwa zilizofuata hazikuona hivyo, ziliona waliotibiwa wanapata kansa kidogo kuliko wasiotibiwa. Kwa hiyo anayesoma hapa na bado hajaanza dawa, aanze.

Ila kupungua sio kuisha, na hapa ndo penyewe.

Kirusi cha hepatitisi B kina tabia ya kujichomeka kwenye DNA ya seli za ini. Cha C hakifanyi hivyo. Chenyewe kinaharibu kwa njia ndefu, yaani miaka 20, 30, ini linaungua polepole ndani bila mtu kuumwa chochote, seli zinakufa, nyingine zinazaliwa kuziba pengo, na kila seli inapogawanyika kuna nafasi ya kosa kuingia kwenye vinasaba, na palipoumia panaota kovu, kovu juu ya kovu, mpaka ini zima linakuwa gumu lenye vinundu, hiyo ndo sirosisi. Dawa inaua kirusi. Kovu haiondoi. Kwa wengine kovu linapungua taratibu kwa miaka, kwa wengine linabaki, na kama kuna seli iliyokwisha kupotoka kabla ya dawa haitajua kwamba kirusi kimeondoka, itaendelea na safari yake. Watafiti wameona hata namna vinasaba vinavyowashwa na kuzimwa ndani ya ini inabaki na alama za kirusi baada ya kupona. Fikiria paa lililovuja miaka ishirini: umeliziba vizuri, maji hayaingii tena, lakini mbao zilizooza ziko palepale.

Sasa nani yuko hatarini na nani akapumzike? Hapa ndo kuna kazi ya kukadiria, na kinachonifurahisha ni kwamba sehemu kubwa inafanyika kwa vipimo vya kawaida vya damu.

Kuna hesabu inaitwa FIB-4. Unachukua umri, unazidisha na AST, hicho ni kimeng'enya kinachomwagika kwenye damu ini likiumia. Jibu unaligawa kwa idadi ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu, ukizidisha na kipeuo cha pili cha ALT, kimeng'enya kingine cha ini. Chembe sahani zinaingiaje kwenye mambo ya ini? Ini likiwa gumu damu inayotoka tumboni inapita kwa shida, inasukumwa kuelekea bandama, bandama inavimba na kuzishikilia chembe sahani humo, kwa hiyo zikiwa chache kwenye damu ni dalili kwamba ini limekakamaa. Jibu chini ya 1.45 mara nyingi maana ake kovu ni dogo, juu ya 3.25 ni la kutiliwa mashaka.

Lakini kuna mtego. Chukua mtu wa miaka 60, kabla ya dawa AST yake 80, ALT 64, chembe sahani 120 (kwa maelfu). FIB-4 inatoka 5. Amemaliza dozi, AST imeshuka 30, ALT 25, chembe sahani bado 120 ileile. Sasa inatoka 3. Imeshuka chini ya ule mstari wa 3.25! Anafurahi, na ana haki ya kufurahi, lakini kilichoshuka ni kuungua, sio kovu, maana ndani ya miezi michache kovu la miaka thelathini haliyeyuki. Ndo maana namba ya kabla ya dawa ina uzito mkubwa. Kwenye utafiti wa maveterani (wanajeshi wa zamani) wa Marekani, waliokuwa na sirosisi na FIB-4 ya juu kabla ya kutibiwa waliendelea kupata kansa kama watu 3 hadi 4 kati ya 100 kila mwaka hata baada ya kupona, na wenye sirosisi ila namba ndogo ilikuwa kama mtu 1. Wasio na sirosisi na namba zao ndogo walikuwa chini zaidi, hata mtu 1 hafiki.

Vingine vinavyopandisha hatari ni umri mkubwa, kuwa mwanaume, pombe, kisukari, unene, albumini iliyoshuka (protini ya damu, ini ndo linaitengeneza, likichoka inapungua), na alfa-fetoprotini (protini ya damu ambayo mara nyingi hupanda kukiwa na kansa ya ini) inayobaki juu hata baada ya kupona. Kuna hesabu nyingine inaitwa aMAP inayochanganya umri, jinsia, albumini, bilirubini (ile rangi ya njano ambayo ini huiondoa kwenye damu) na chembe sahani, inatoa alama mpaka 100, chini ya 50 hatari ndogo, juu ya 60 kubwa. Wengine wanapimwa ugumu wa ini kwa Fibroscan, haina maumivu.

Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachosema wewe utapata kansa. Vinapanga foleni tu, nani aendelee kuangaliwa. Mwenye sirosisi wataalamu wote wanakubaliana aendelee na ultrasaundi kila miezi sita. Mwenye kovu kubwa ambalo halijafika sirosisi, miongozo ya Ulaya inamjumuisha, ya Marekani haimjumuishi, kwa hiyo hapo zungumza na daktari wako. Mwenye kovu dogo kwa kawaida hahitaji.

Na kwa nini miezi sita? Kwa sababu uvimbe wa kansa ya ini mara nyingi unachukua miezi kadhaa kuongezeka maradufu, ukiupata ungali chini ya sentimita 2 unaweza kuunguzwa kwa joto au kukatwa ukaisha, ukichelewa mpaka mtu anaona macho ya njano na tumbo kujaa maji njia zinakuwa zimebaki chache sana. Inaniuma mtu aliyekwisha kushinda kirusi kufikia hapo kwa kukosa picha moja tu ya ultrasaundi.

Kama ulitibiwa zamani, tafuta karatasi za vipimo vya KABLA ya dawa, hata kama zimechakaa, AST, ALT, chembe sahani na Fibroscan kama ulipimwa, uende nazo. Daktari mpya akiona za leo tu anaweza kuona ini limetulia, na kumbe kilichoisha ni kirusi tu.