HMS Findhorn na uwindaji wa nyambizi U-198

Vitabu vya misafara ya meli za Vita Kuu ya Pili ya Dunia vimejaa Atlantiki. Bahari ya Hindi hutajwa kwa kupita tu, ilhali meli zilizopigwa topido mashariki ya Dar es Salaam zilizama vilevile kama zile zilizopigwa karibu na Ireland. Mimi ni mpimaji wa bahari. Napima kina cha maji kwa mawimbi ya sauti, na kazi hiyo ndiyo iliyonivuta kwenye manowari za kusindikiza misafara, maana zilitumia fizikia hiihii kumtafuta mtu asiyetaka kupatikana. Nimechagua moja, frigeti ya Uingereza HMS Findhorn, namba ya ubavuni K301. Ilishiriki kuzamisha nyambizi moja tu vita nzima, lakini namna ilivyoizamisha inaeleza vizuri kazi ya manowari za aina yake: kuikandamiza nyambizi chini ya maji, ibaki kipofu na isiyo na mwendo. Kuiua kulikuwa ziada.

Kwanza turudi nyuma miezi sita kabla ya tukio lenyewe. Kilindini ilikuwa bandari kubwa ya kijeshi tangu 1942, pale Waingereza walipoondoa sehemu kubwa ya manowari zao Ceylon (Sri Lanka ya leo) kwa kuwahofia Wajapani. (Waliosoma Allidina Visram, Mombasa, huenda hawajui kwamba mwaka ule na uliofuata shule yao ilikuwa kituo cha wavunja misimbo waliokuwa wakisikiliza redio za Kijapani.) Kutoka Kilindini, misafara iliyopewa herufi KR ilivuka hadi Colombo ikibeba askari wanaokwenda vita vya Burma. Msafara wa KR 8 ulikuwa na meli tano za abiria. Katika mojawapo, Khedive Ismail, walikuwamo watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, na walikuwamo pia wauguzi wanawake.

Tarehe 12 Februari 1944, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topido mbili. Khedive Ismail ilizama kwa muda usiofika dakika tatu. Walikufa watu 1,297. Mlinzi wa msafara alikuwa kruza mkongwe (manowari kubwa ya mizinga) HMS Hawkins pamoja na distroya mbili (manowari ndogo zenye kasi), Petard na Paladin, na hakuna mtambo wao hata mmoja ulioitambua I-27 mapema. Kisha ikaja sehemu ambayo hata leo ni nzito kuisimulia: nyambizi ilikuwa ingali chini, manusura wanaelea juu, na Petard ikaangusha mabomu yake karibu nao. I-27 ilizamishwa siku hiyohiyo baada ya mapambano marefu. Kwa upande wa huku kwetu, wapo wazee wanaosema tu kwamba fulani aliingia Keya akapotelea baharini, basi, habari ikaishia hapo.

Nimelitaja hilo kwa sababu linaonyesha pengo lililokuwapo. Distroya zilikuwa na mwendo mkali lakini zilikuwa chache na kila kamanda alizitaka. Kilichohitajika ni meli ya bei nafuu zaidi, yenye subira na tangi kubwa la mafuta.

Meli hiyo ilikuwa ndiyo frigeti ya daraja la River. Aliyeichora ni William Reed wa kiwanda cha Smith's Dock, ambaye alikuwa amechora pia korveti, manowari ndogo zaidi za kusindikiza, za daraja la Flower. Korveti zilisifiwa kwa ushujaa, ila zilikuwa fupi, mita 62 hivi, zikiyumba kupita kiasi, na zilikwenda maili za bahari 16 tu kwa saa. Nyambizi ikiwa juu ya maji iliweza kuzikimbia. Frigeti ya River ilikuwa na urefu wa karibu mita 92, injini mbili za mvuke badala ya moja, na mwendo wa maili 20 kwa saa. Ikienda polepole, maili 12 kwa saa, ilifika maili za bahari 7,200 bila kujaza mafuta. Kilindini hadi Colombo ni maili 2,500 hivi. Yaani iliweza kwenda, kurudi, na bado ikabaki na akiba ya kuhangaika na nyambizi njiani kwa siku kadhaa. Kwa maoni yangu tarakimu hiyo ina uzito kuliko mizinga yote iliyofungwa kwenye sitaha.

Findhorn yenyewe ilijengwa na Canadian Vickers huko Montreal na kuanza kazi 1943. Asili yake ina mzunguko wa ajabu kidogo. Marekani iliagiza frigeti kumi kutoka kiwanda hicho, ikabaki na mbili, nane ikazikopesha Uingereza. Kwa hiyo ilikuwa meli ya mchoro wa Kiingereza, iliyojengwa Kanada, mali ya Wamarekani, ikiendeshwa na mabaharia wa Uingereza na kuja kufanya kazi kwenye maji yetu. Inver, Lossie na Parret, ambazo zilikuwa pamoja nayo Agosti 1944, zilitoka kwenye fungu hilohilo. Zote zilipewa majina ya mito.

Adui wake katika simulizi hii, U-198, alikuwa wa aina ya IXD2, nyambizi za Kijerumani za masafa marefu zenye karibu mita 88. Mwaka 1943 ilikuwa imekwisha kuzamisha meli saba kusini mwa Afrika na eneo la Msumbiji. Aprili 1944 iliondoka La Pallice, Ufaransa, chini ya kamanda mpya, Burkhard Heusinger von Waldegg. Ilizamisha Columbine mwezi Juni na Director Julai. Kisha ikapanda kaskazini. Tarehe 6 Agosti ikaizamisha Empire City mashariki ya Mocimboa da Praia, Msumbiji, na kesho yake Empire Day, mashariki ya Dar es Salaam.

Meli mbili ndani ya siku mbili ni kelele kubwa mno kwa mtu anayejificha. Kundi la manowari lilikuwa tayari kwa msako: meli mbili ndogo za kubeba ndege, Begum na Shah, zikiwa na frigeti Findhorn, Inver, Lossie, Nadder na Parret, pamoja na slupu (manowari nyingine ya kusindikiza) ya jeshi la maji la India, HMIS Godavari. Tarehe 10 Agosti ndege ya kundi hilo iliiona U-198 na kuishambulia. Nyambizi ikapiga mbizi, ikaponyoka.

Msomaji wa haraka atasema ndege ilishindwa. Chukua karatasi upige hesabu. Nyambizi ikiwa chini hutegemea betri, na ili betri idumu inabidi itambae, tuseme maili nne kwa saa. Baada ya saa moja inaweza kuwa popote ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha maili nne, eneo la maili za mraba 50 hivi. Baada ya saa 24 nusu kipenyo ni maili 96, na eneo limefika karibu maili za mraba 29,000. Inatisha, lakini ingalikuwa juu ya maji ikikimbia maili 18 kwa saa, eneo hilo lingezidi mara ishirini na kitu. Kila ndege iliyonguruma angani iliilazimisha ibaki chini, na kila saa iliyobaki chini iliwabakizia frigeti duara ambalo meli za maili 20 kwa saa zinaweza kulichana.

Ramani inaonyesha hivyohivyo. Kutoka ilipozamishwa Empire Day hadi U-198 ilipoishia, kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Mahé, Shelisheli, ni maili za bahari 680 hivi, na ilizisafiri kwa siku tano. Ni wastani usiofika maili sita kwa saa, kwa chombo chenye uwezo wa kwenda maili 19. Hayo si makimbizi ya mtu aliye huru.

Tarehe 12 Agosti, Parret ikaipata kwa asdiki, mtambo ambao leo tunauita sona. Hutuma mlio ndani ya maji na kusubiri mwangwi. Maji ya nyuzi 25 hubeba sauti kwa mita 1,530 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi wa kitu kilicho umbali wa mita 1,500 hurudi baada ya sekunde mbili. Huo ni muda mrefu ukiwa unasikiliza kwa masikio yako mwenyewe na meli inayumba.

Hapa nitaingia kidogo kwenye kazi yangu, mniwie radhi. Kwenye bahari ya joto jua huyapasha maji ya juu, na sauti hupinda kuelekea maji baridi ya chini. Mchana wa shwari, mtambo uliosikia vizuri asubuhi unaweza kuwa kiziwi ifikapo saa tisa. Agosti lakini ni msimu wa kusi. Upepo ule huyakoroga maji ya juu mpaka joto lake linalingana kwa makumi ya mita kwenda chini, na sauti husafiri humo mbali zaidi. Kusi huwatesa mabaharia, na nadhani mwezi ule lilimsaidia mwindaji kuliko mwindwa.

Kupata mwangwi bado si kuua. Silaha ya zamani, mapipa ya baruti yaliyotegwa kulipuka kwenye kina fulani, iliangushwa kutoka tezi, yaani nyuma ya meli. Meli ilipaswa kupita juu ya nyambizi, na katika mita za mwisho mwali wa asdiki hupita juu ya shabaha, mwangwi unapotea. Kamanda wa nyambizi aliujua upofu huo na alikata kona papo hapo. Halafu milipuko yenyewe huyavuruga maji kwa dakika nyingi, na wasikilizaji wanaanza upya.

Findhorn ilikuwa na Hedgehog pale omo, mbele ya meli. Mtambo huo ulirusha mabomu 24 kwa mpigo mmoja, mita 200 hivi mbele ya meli, mwangwi ukiwa bado unasikika. Yaliangukia kwenye duara la mita 30 hadi 40, yakazama kwa kama mita saba kwa sekunde, na yalilipuka tu yakigonga kitu. Ukikosa, bahari inabaki kimya na msikilizaji anaendelea na kazi. Ukisikia mlipuko, umegonga chuma. Takwimu za Uingereza za baada ya vita zinasema wazi: mashambulizi ya mapipa yalihitaji wastani wa 60 kwa nyambizi moja, ya Hedgehog chini ya sita.

Parret ilipoipata nyambizi, Findhorn na Godavari zikajiunga. Faida ya kuwa zaidi ya moja ni kwamba meli moja husimama pembeni ikishikilia mwangwi huku mwenzake akienda kupiga, nyambizi isipate dakika ya kupumua. Hedgehog ya Findhorn ndiyo iliyogonga. U-198 ilizama na watu wake wote 66.

Sifa zikaandikwa kwa Findhorn na Godavari, na ndivyo orodha zinavyosema. Ningeongeza Parret na wale marubani, lakini orodha za aina hiyo huhesabu aliyepiga mwisho.

Ushindi huo haukuifunga bahari. Mwezi huohuo U-862 ilizamisha meli kadhaa katika mlango-bahari wa Msumbiji, ikaangusha ndege ya Catalina iliyokuwa ikiisaka, na Septemba ikatia nanga salama Penang, Malaya. Findhorn ilirudishwa kwa Wamarekani 1946, ikauzwa chuma chakavu. Nadder na Godavari ziliishia Pakistan baada ya India kugawanywa. Ya kwanza iliitwa Shamsher, ya pili Sind.