Kwa nini paka humwogopa sungura?

Paka ni mla nyama, sungura ni windo. Kwa hesabu hiyo, kuwaweka chumba kimoja ni kumkabidhi fisi bucha. Lakini waulize wanaowafuga pamoja: mara nyingi anayekimbizwa ni paka. Sungura humfukuza, akamnyang'anya mahali pake pa kulala, kisha akajinyoosha hapo kama mwenye nyumba. Imekuwaje?

Tuanze na uwindaji wenyewe. Kinachoamsha silika ya paka zaidi ni kitu kidogo kinachokimbia. Mtazame anaponyemelea: tumbo linakaribia kugusa sakafu, macho hayabanduki, ncha ya mkia inachezacheza. Anangoja mnyama atimke. Sasa sungura mzima aliyekwisha kuzoea nyumba hatimki. Anamjia paka mzimamzima na kumsukuma ubavuni kwa pua. Windo gani hili linalomfuata mwindaji? Paka anabaki ameduwaa. Ukubwa nao unachangia: paka wengi wana kilo 4 hivi, na kuna sungura wa kufugwa wanaozidi kilo 6, tena teke la miguu yao ya nyuma si la mchezo. Hata paka wanaojiwindia porini hupendelea sungura wachanga.

Kinachonifurahisha zaidi, hata hivyo, ni jinsi wawili hawa wanavyopatana bila kuelewana. Sungura ni mnyama wa kundi, na kundi lina wakubwa na wadogo. Anayejiona mkubwa humwendea mwenzake, huinamisha kichwa hadi sakafuni, na kungoja alambwe. Ukimwona utadhani ananyenyekea, kumbe anaamuru. Paka nao, wakizoeana wao kwa wao, hulambana, hasa kichwani na shingoni, kwa hiyo paka akiletewa kichwa cha sungura analamba tu. Sungura anaondoka akijua cheo chake kimetambuliwa, na paka hana habari kwamba ameshushwa.

Mambo huharibika wakati wa michezo. Paka hucheza kwa kuvizia na kurukia, na kwa sungura kurukiwa mgongoni maana yake ni kifo. Sungura akipiga sakafu kishindo kwa mguu wa nyuma, hiyo ni tahadhari, na ni wakati wa kuwatenganisha.

Malezi yana nguvu kubwa hapa. Mtoto wa paka hujifunza nani ni mwenzake hasa kati ya wiki ya 2 na ya 7 ya maisha yake. Mwaka 1930 mwanasaikolojia wa China, Zing-Yang Kuo, alichapisha majaribio ya kulea paka wachanga kwa njia tofauti. Kati ya 18 waliokua pamoja na panya, ni 3 tu waliokuja kuua panya. Kati ya 21 waliokua wakimwona mama yao akiua panya, 18 waliua. Hao walikuwa panya, si sungura, lakini wafugaji huona jambo lilelile: paka aliyekutana na sungura utotoni humchukulia kama mtu wa nyumbani.

Hata hivyo silika hailali moja kwa moja, na mimi nisingewaacha peke yao nikatoka, hasa kama sungura ni mdogo. Mdomo wa paka una bakteria aina ya Pasteurella, na tundu dogo la jino lisiloonekana chini ya manyoya linaweza kujaa usaha. Sungura aliyeng'atwa anapelekwa kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Hofu pekee nayo inatosha kumdhuru, kwa sababu sungura aliyetishika sana anaweza kuacha kula na matumbo yake yakasimama kufanya kazi. Kwa hiyo akishafukuzwa na paka, hata kama hana mchubuko, angalia kama anakula na kama anatoa choo. Akikaa nusu siku bila kula, hiyo ni dharura.