Je, wajua kwa nini kupumzika peke yake hakumtoi mwanamke kwenye sonona?

Mwanamke anayefanya kazi akianza kukosa raha, ushauri wa kwanza anaopewa Mtwara hautofautiani na ule wa Lindi, Masasi au Nachingwea: umechoka, omba ruhusa, kapumzike. Mwajiri mwenye huruma humpa siku tatu, mama mkwe huwachukua watoto, na yeye hujifungia chumbani akalala. Siku ya nne anarudi kazini akiwa mzito kuliko alivyoondoka. Wenzake hushangaa, naye huanza kujiona mvivu. Kilichotokea ni kwamba amepewa tiba ya uchovu ilhali anaumwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa hamu ambao siku nyingi za kitandani huuzidisha.

Kuchanganya mambo haya mawili ni kosa la watu wengi, wakiwemo wasomi, kwa hiyo inafaa kulitazama kwa makini.

Uchovu hupungua mtu akilala. Mbanguaji wa korosho aliyekaa kwenye mashine tangu asubuhi akipata usingizi mzuri usiku mbili tatu, mwili hurudi. Na hata akiwa hoi, bado atacheka mtoto akifanya vituko, bado atataka kujua harusi ya jirani imefikia wapi. Sonona huanza kwa kuondoa huko kutaka. Mgonjwa anaweza kulala kwa muda wa saa kumi akaamka hana nguvu, au akagutuka saa tisa usiku na asipate tena usingizi mpaka alfajiri. Chakula hakina ladha. Mambo yaliyokuwa yakimfurahisha hayamwambii kitu.

Kuna dhana nyingine inayotembea pamoja na hiyo: kwamba sonona ni ya mtu asiye na shughuli, na mwanamke anayeamka alfajiri kukanda maandazi kisha akaingia zamu hospitalini hawezi kuipata. Anaweza, tena mara nyingi anaendelea kufanya kazi miezi mingi akiwa nayo, kwa sababu watoto watataka kula kesho. Kwa nje anaonekana mzima. Zahanati hufika akilalamikia kichwa, mgongo, kifua kubana au moyo kwenda mbio, anapimwa malaria, anapewa panado na kurudi nyumbani. Maumivu hayo ni ya kweli, si ya kujifanya. Ndiyo maana mhudumu makini hupima pia wingi wa damu, na ikibidi ujauzito na tezi ya shingo, kwa kuwa upungufu wa damu nao hufanana sana na sonona. Kisha huuliza habari za moyo.

Kuuliza huko kuna utaratibu. Dodoso linalotumika sana duniani, PHQ-9, lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: kukosa hamu, huzuni, usingizi, nguvu, ulaji, kujiona si kitu, kushindwa kutuliza akili, mwili kuwa mzito au kutotulia, na mawazo ya kufa au kujidhuru. Kila jibu hupewa 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27, na kuanzia 10 mhudumu anapaswa kufanya uchunguzi kamili. Alama peke yake haithibitishi ugonjwa. Ila swali la tisa halisubiri jumla: mtu akijibu kwamba mawazo hayo yanamjia, aulizwe zaidi palepale, na akiwa na mpango au nia asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Katika mikoa yetu hatua moja isiyogharimu kitu inaweza kuokoa uhai: viuatilifu vya mikorosho vinavyohifadhiwa uvunguni au stoo vitolewe nyumbani kwake mpaka apate nafuu.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: kwa nini kulala kunaizidisha?

Mwanasaikolojia wa Marekani Peter Lewinsohn alieleza miaka ya 1970 kwamba binadamu hurudia kile kinachomlipa kwa namna fulani: kicheko, shukrani, kuona kazi imekamilika, kuwa karibu na mtu. Malipo hayo yakipungua, iwe kwa msiba, ugonjwa, uhamisho wa kazi au ndoa kuvunjika, vitendo navyo hupungua. Vitendo vikipungua, malipo hupungua tena. Juu ya hapo kuna mtego mwingine. Mwanamke mwenye sonona akiacha kwenda kwenye kikoba chake kwa sababu anaona aibu kukaa na watu, siku hiyo anapata nafuu ya muda. Nafuu hiyo ndiyo inayomfundisha mwili wake kukwepa tena wiki ijayo. Baada ya miezi miwili hana kikoba, hana wa kumpigia simu, na akili yake inauhesabu upweke huo kuwa ushahidi kwamba hakuna anayemjali.

Mfano unaosaidia kuona jambo hili ni pampu ya mkono ya kisima. Ndani ya baadhi ya pampu hizo kuna kipande cha ngozi kinachobana bomba ili mvuto upatikane. Pampu ikikaa siku nyingi bila kutumika, ngozi hukauka na kusinyaa, hewa ikapita pembeni. Unapampu, mpini unapanda na kushuka, maji hayaji, na kisimani maji yamo tele. Ukiiacha ipumzike, ngozi inazidi kukauka. Ukipampu kwa nguvu mpaka jasho likutoke, bado unavuta hewa. Inayofaa ni jagi moja la maji: unalimimina juu, ngozi inalowana na kutuna, mvuto unarudi, na hapo ndipo kisima kinaanza kutoa maji yake. Kitendo kidogo cha kwanza katika sonona ndicho hilo jagi, na hutangulia hamu, hakiisubiri. Wala haishangazi mapigo ya mwanzo yakitoa hewa tupu.

Mfano huo unajibu pia pingamizi la haki: huyu mama anafanya kazi kutwa nzima, iweje aambiwe afanye zaidi? Haambiwi afanye zaidi. Yeye ndiye anayepampu kwa nguvu akivuta hewa. Mwanamke aliyezidiwa anapopunguza mambo hapunguzi yale ya lazima, kwa kuwa hayo yana msimamizi, mteja au mtoto anayeyadai. Hupunguza yale yaliyokuwa yakimpa uhai: kusukana nywele barazani, kwaya au darasa la dini, kumtembelea kungwi wake. Anabaki na kazi tupu. Kinachobadilishwa ni mchanganyiko wa shughuli, wingi wake hauongezwi.

Kubangua kwa mkono ni kielelezo kizuri cha jinsi mtu anavyoweza kuwa na shughuli nyingi na bado akazama. Korosho inawekwa kati ya visu, mguu unakandamiza, mkono unavuta, kiini kinatolewa kisivunjike, na viganja vimepakwa mafuta au majivu ili utomvu wa maganda usiunguze ngozi. Baada ya wiki chache mikono inaijua kazi yenyewe, na kichwa kinabaki huru kutwa nzima kuwaza deni lilelile na maneno yaleyale ya wifi. Katika tiba, saa nane za namna hiyo hazihesabiwi kuwa saa nane za shughuli zinazoponya.

Tiba yenyewe, ambayo hapa tuiite tiba ya kurudisha vitendo, huanza na daftari. Wiki ya kwanza habadilishi kitu. Anaandika kila baada ya saa mbili alichokuwa akifanya, na pembeni anaweka namba mbili kati ya 0 na 10, moja ya raha na nyingine ya kuona ametimiza jambo. Asiyeandika huweka kokoto kwenye vikopo viwili. Anayesubiri mpaka usiku kujaza siku nzima hukosea, kwa sababu sonona hupaka kumbukumbu zote rangi moja na kila saa itaonekana sifuri. Akijaza papo hapo, tofauti hutokeza. Mshauri nasaha mzuri hamwambii jipe moyo. Anashika daftari na kuuliza, “Dada, juzi saa kumi na moja umeandika tatu, saa nyingine zote moja. Saa hiyo ulikuwa wapi, na nani?”

Kutoka kwenye jibu hilo wanachagua vitendo viwili au vitatu vya wiki ijayo, vyenye siku, saa, mahali na mwisho. “Nitajitahidi kuonana na watu” hakifai. Kinachofaa ni hiki: Jumanne nikitoka kiwandani nitapita kwa Mama Asha, nitakaa dakika kumi na tano, kisha nitakwenda nyumbani. Akiona kwamba hata hicho ni kizito, kinakatwa nusu: atasimama mlangoni, atasalimia, ataondoka. Anakitenda kwa sababu saa imefika, bila kujiuliza kama anajisikia. Halafu anaandika namba.

Mambo yanayoharibu yanajulikana. Wengi huandika kufua au kupika futari ya watu kumi kama kitendo cha raha, kwa kuwa wamezoea kujihesabu kwa utumishi wao. Wengine huanza na jambo kubwa, linashindikana, na wanajilaumu upya. Msimu wa korosho unapofika, takriban Oktoba hadi Desemba, saa za kazi hurefuka na ratiba yote huanguka kama haikupangwa upya mapema. Kuna na waume wanaotilia shaka matembezi mapya ya jioni. Kwao mshauri huweza kupendekeza mume aelezwe, mwanamke akiridhia, au kitendo kihamishiwe nyumbani.

Ushahidi wa njia hii unavutia kwa jinsi ulivyokwenda kinyume na matarajio. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake Marekani waliichukua tiba kamili ya fikra na tabia, inayoshughulikia mawazo ya mgonjwa pamoja na vitendo vyake, wakaigawanya vipande vipande, na sehemu ya vitendo peke yake haikuzidiwa na tiba nzima. Mwaka 2016 utafiti wa Uingereza wenye watu 440 ulionyesha kwamba wahudumu wasio wabobezi wa tiba ya maongezi, wakitumia vitendo, walipata matokeo yasiyopungua ya wabobezi waliotumia tiba kamili, tena kwa gharama ndogo. Hao ni Waingereza wenye mfumo wao wa afya, na matokeo hayahamii Tandahimba hivihivi. Karibu zaidi na sisi ni Nairobi: mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya wanawake 421, takriban nusu yao wakiwa wamehudumiwa na wahudumu wa afya ya jamii kwa mpango wa Shirika la Afya Duniani wa vikao vitano, ambao ndani yake mna kupumua kwa utulivu, kutatua matatizo, kurudisha vitendo na kuimarisha msaada wa watu. Nafuu ilikuwepo, ya wastani. Sonona kali, yenye kuona au kusikia visivyokuwepo au kuacha kula, inahitaji daktari kwanza.

Wala daftari halitibu kipigo. Ikiwa chanzo ni ukatili nyumbani au unyanyasaji kazini, njia ni afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia polisi, na tiba inakwenda sambamba. Kwa aliyeajiriwa na kutimiza miezi sita, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu, akiwa na cheti cha daktari. Sonona ni ugonjwa, na cheti chake ni cheti kama kingine. Anayenyonyesha ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Kibarua wa msimu asiye na mkataba huumia hapa, na hilo ni jambo la kupigania.

Dawa zina nafasi yake. Fluoksetini, dawa ya sonona, huchukua kama wiki mbili hadi nne kabla nafuu haijaonekana, siku za mwanzo huweza kuleta kichefuchefu, na haikatishwi ghafla. Diazepamu, dawa ya kutuliza inayonunuliwa dukani ili kupata usingizi, haitibu sonona, na ikizoeleka kuiacha ni shida. Pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya, na rufaa ya kawaida huelekea hospitali za rufaa za mikoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi.

Kikao cha mwisho cha tiba ya kurudisha vitendo hutumika kuandaa ukurasa mmoja wa mgonjwa: dalili zake za mwanzo, zile anazozijua yeye, kama kuacha kujibu simu za dada yake au kuamka saa tisa, na pembeni vitendo vitatu vilivyompa namba za juu. Dalili mbili zikirudi na kudumu wiki moja, anaanza na vitendo hivyo na kupanga miadi, bila kungoja afike alipokuwa.