Kabla ya Ngome Kulikuwa na Mifereji: Walt Disney World Ilivyojengwa Kwenye Kinamasi

Kazi yangu ni mitaro, makalvati na udongo wa kujazia. Ndiyo maana picha za ngome ya Cinderella hazinisisimui sana. Ninachopenda kukitazama ni ramani ya mifereji iliyoizunguka. Walt Disney World, eneo kubwa la burudani na hoteli kule katikati ya Florida, Marekani, ilifunguliwa Oktoba 1971, miaka saba baada ya ununuzi wa ardhi kuanza, na kazi ngumu kuliko zote zilizofanyika katika miaka hiyo ni zile ambazo mgeni aliyelipa kiingilio hazioni kabisa. Naandika kuhusu mradi huu kwa sababu wateja wengi wanaotaka kujenga hoteli ya ufukweni au kijiji cha burudani huja na picha ya jengo mkononi, na hawajajiuliza maji ya mvua yatapita wapi.

Tuanze na ardhi. Bustani ya kwanza ya burudani ya Walt Disney, Disneyland ya Anaheim, California, ilijengwa kwa takriban mwaka mmoja na kufunguliwa Julai 1955 kwenye ekari 160 hivi. Ilipopendwa, watu wengine walinunua viwanja pembeni wakajenga moteli na vibanda mpaka ukutani. Disney alileta wageni, majirani wakalaza na kulisha wageni hao. Kwa mradi wa pili aliapa kwamba hilo halitajirudia, na njia ya pekee ilikuwa kununua ardhi kubwa kuliko anayoihitaji, kwa bei ya porini, kabla mtu yeyote hajajua mnunuzi ni nani.

Novemba 1963 aliruka kwa ndege juu ya Orlando na kuona pale barabara kuu ya Interstate 4 inapokutana na barabara ya kulipia ya jimbo. Makutano yale yalikuwa na uzito kuliko mandhari yoyote: bustani ya aina hii huishi kwa magari yanayotoka mbali. Kuanzia 1964 ardhi ikanunuliwa kimyakimya kupitia mawakili na makampuni madogo yenye majina yasiyosema kitu. Wauzaji hawakujua mnunuzi, na mara nyingi hata madalali hawakujua. Kulikuwa na mikunjo ya kisheria pia. Sehemu ya eneo hilo haki za madini zilizo chini ya udongo zilikuwa mali ya chuo cha Tufts, mbali kabisa huko Massachusetts, na ilibidi zinunuliwe kivyake, kwani hakuna anayejenga hoteli mahali ambapo mtu mwingine ana haki ya kuja kuchimba. Gazeti la Orlando Sentinel lilipofichua siri hiyo Oktoba 1965, zaidi ya ekari 27,000 zilikuwa tayari mkononi, eneo la karibu mara mbili ya kisiwa cha Manhattan, kwa wastani wa chini ya dola 200 kwa ekari. Bei ya viwanja vilivyobaki pembeni ilipaa mara moja.

Mbona ilikuwa rahisi hivyo? Kwa sababu ilikuwa na maji. Florida ya kati ni tambarare, mvua yake ya miezi ya joto ni nzito, maji ya ardhini yapo karibu sana na uso, na sehemu kubwa ya ardhi ile ilikuwa kinamasi chenye miti ya misaipresi na tope jeusi la majani yaliyooza. Mkulima wa machungwa alipendelea vilima vikavu, mfugaji aliridhika na malisho ya hapa na pale. Hakuna aliyeitamani.

Walt Disney alifariki Desemba 1966 kabla hata ya ujenzi kuanza, na kaka yake Roy, aliyekuwa akijiandaa kustaafu, akaubeba mradi. Napenda kuangalia aliwategemea nani. Mmoja alikuwa Joe Fowler, admirali mstaafu wa jeshi la maji la Marekani aliyewahi kusimamia ujenzi wa meli na baadaye Disneyland. Mwingine alikuwa William Potter, jenerali mstaafu wa kikosi cha wahandisi wa jeshi, aliyekuwa gavana wa eneo la Mfereji wa Panama. Watu wa meli na mifereji. Wachoraji na wabunifu wa vivutio walikuwepo, tena hodari, lakini waliotangulia kuingia porini walikuwa wapimaji na wahandisi wa maji.

Walitanguliwa na mawakili, kwa kweli. Mfereji mrefu haujui mpaka wa wilaya, na eneo lile lilikuwa ndani ya wilaya mbili, Orange na Osceola, ambazo hazikuwa na uwezo wala haja ya kujenga miundombinu ya ukubwa ule. Mei 1967 gavana Claude Kirk alitia saini sheria iliyounda Reedy Creek Improvement District, mamlaka iliyoweza kuchimba mifereji, kujenga barabara, kuzalisha umeme, kuendesha zimamoto, kutoa hatifungani na kuandika kanuni zake za ujenzi. Kura zilipigwa na wenye ardhi kwa hesabu ya ekari, na mwenye ardhi karibu yote alikuwa mmoja. Kidemokrasia ni jambo la kukuna kichwa, na sina shida kulisema hivyo. Kwa upande wa ujenzi, lilimaanisha mfumo mzima wa maji ulipangwa na kichwa kimoja na kutunzwa na mfuko mmoja. Mwaka 2023, baada ya mvutano wa kisiasa kati ya kampuni na gavana Ron DeSantis, bodi ya mamlaka hiyo iliwekwa chini ya wateule wa gavana na jina likabadilishwa. Mamlaka yenyewe haikuvunjwa, maana mitaro na hatifungani zake zilihitaji mwenyewe.

Sasa maji yenyewe. Kosa ambalo lingekuwa rahisi kufanya ni kukausha kinamasi chote. Potter na wenzake walielewa kwamba ukishusha maji kupita kiasi, misitu ya misaipresi hufa, tope jeusi hukauka na kunywea, ardhi ikadidimia, na siku kavu moto huingia hata chini ya ardhi. Ukiyaacha juu, mvua moja kubwa huzamisha kila kitu. Walichohitaji ni kuyashika maji kwenye kimo kilekile, masika na kiangazi. Wakachimba mifereji yenye urefu wa zaidi ya maili 40, kilomita 64 na ushei, pamoja na matuta ya kuzuia maji ya jirani. Mingi haikuchimbwa kwa mstari ulionyooka, ilikunjwakunjwa ifuate maumbile, ili ukiitazama udhani ni kijito cha asili. Wengi hudhani ni urembo tu. Ni urembo kweli, ila mfereji uliopinda unagharimu zaidi kuchimba, na kukubali gharama hiyo kwenye sehemu ambayo wageni wengi hawafiki ni uamuzi ambao sijauona mara nyingi.

Kilichonivutia zaidi ni milango. Kwenye mifereji hiyo kuna milango ya chuma yenye boya. Maji yakipanda upande wa juu, boya linainuka na kuuzungusha mlango ufunguke, ziada inapita, yakishuka, unajifunga. Hakuna mota, hakuna umeme, hakuna mlinzi wa kuamshwa saa nane usiku wakati wa tufani. Mfumo unaotegemea mtu kuwahi kufungua valvu hufeli siku ambayo barabara ya kufika kwenye valvu imezama. Dar es Salaam tunajua gharama ya kupanga kinyume chake: karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani iliwekwa kwenye bonde la Mto Msimbazi, na mvua kubwa zikinyesha mto unadai njia yake. Maelfu ya ekari za Florida, kwa upande mwingine, zilitengwa zisijengwe kabisa, zibaki sponji ya kunyonya mvua.

Kisha likaja Bay Lake, ziwa la asili lenye maji ya rangi ya chai kwa sababu ya mizizi na majani. Walilikausha, wakazoa tope la chini, na chini ya tope wakakuta mchanga mweupe, ambao ndio uliotumika kwenye fukwe. Magharibi ya ziwa kulikuwa na ardhi chepechepe isiyofaa kubeba majengo mazito. Badala ya kupambana nayo waliichimba, ikawa ziwa la pili, Seven Seas Lagoon. Uamuzi huo mmoja ulijibu mambo matatu. Ardhi mbovu ilipata matumizi. Wageni wakapata safari ya boti au treni ya reli moja kutoka maegesho hadi langoni, hivyo maegesho hayaonekani ukiwa ndani. Na udongo wa kujazia ukapatikana jirani kabisa, mamilioni ya yadi za ujazo, bila kuukokota kwa malori kutoka mbali. Anayefanya kazi za udongo anajua kwamba bei ya kifusi ni umbali. Mahali maziwa hayo mawili yanapounganishwa, barabara hupita chini na mashua juu, daraja la maji. Dereva akipita hapo hana habari kuna ziwa juu ya paa la gari lake.

Udongo huo ulikwenda kuinua Magic Kingdom, bustani yenyewe yenye ile ngome. Inasimuliwa kwamba Disneyland kulikuwa na mfanyakazi aliyevaa kama mchunga ng'ombe akikatiza katikati ya eneo la mambo ya anga, na Walt hakupenda. Suluhisho lilikuwa njia za wafanyakazi zilizofichwa chini. Lakini Florida huwezi kuchimba basimenti ikabaki kavu, maji utayakuta karibu mara moja. Wakafanya kinyume: wakajenga korido kwenye usawa wa ardhi, kuta na dari za zege, wakazizungushia udongo kutoka kwenye ziwa, na kuweka mitaa ya bustani juu ya dari. Kwa hiyo mgeni anayedhani anatembea chini yuko ghorofa ya kwanza, futi 14 hivi juu ya ardhi ya asili. Chini yake hupita wafanyakazi, bidhaa, nyaya, mabomba, na bomba la taka linalovuta mifuko kwa upepo kwa teknolojia ya Kiswidi, jambo geni Marekani wakati huo. Faida kubwa kwa macho yangu ni kwamba bomba likipasuka, fundi analifikia kwa miguu. Hakuna kuvunja barabara wala kuweka utepe mbele ya wageni.

Ngome ndiyo sehemu iliyokuwa nyepesi, kama kuna kitu chepesi hapa. Ni fremu ya chuma na zege iliyovalishwa fiberglasi, futi 189 kwenda juu, na madirisha na mapambo yake hupungua ukubwa kadiri yanavyopanda ili jicho lidhani ngome ni ndefu zaidi. Hakuna tofali.

Je, bustani inapaswa kuwa kubwa kiasi gani? Hapa alihitajika Harrison Price, mchumi aliyemchagulia Disney kiwanja cha Anaheim na kuendelea kumfanyia hesabu kwa miaka mingi. Kanuni yake haikuwa kujenga kwa wastani wa mwaka, maana siku za sikukuu ungezidiwa vibaya, wala kujenga kwa siku moja yenye watu wengi kuliko zote, maana miezi kumi na moja ungekuwa unalipia zege tupu. Unachagua siku yenye shughuli nyingi inayojirudia mara kadhaa kwa mwaka, ndiyo siku ya usanifu. Kisha unajiuliza: saa ya pilika, ni wangapi wamo ndani kwa pamoja? Tuseme, kwa mfano tu, ni 20,000, na unataka kila mmoja apate kivutio kimoja na nusu kwa saa. Unahitaji nafasi 30,000 kila saa. Kivutio kinachobeba watu 1,500 kwa saa kitahitaji wenzake 19, ukihesabu na maonyesho na kumbi. Ndiyo sababu baadhi ya vivutio vyao vina mlolongo wa viti usiosimama, wageni wakipanda kutoka kwenye ukanda unaotembea: kusimama ndiko kunakopunguza idadi ya watu kwa saa. Choo, upana wa njia, meza za chakula, kipenyo cha bomba la majitaka, vyote huzaliwa na tarakimu ileile.

Hoteli ilinifundisha jambo la kinyume. Contemporary Resort ilisimamishwa fremu ya chuma yenye umbo la herufi A, na vyumba vikatengenezwa kwenye kiwanda jirani na eneo la kazi vikiwa na bafu na nyaya tayari, vikaletwa kwa malori, kreni ikavichomeka kama droo kwenye kabati. Mshirika alikuwa kampuni ya U.S. Steel, iliyotaka kuonyesha uwezo wa chuma. Kasi ilipatikana kidogo kuliko ilivyoahidiwa na gharama zilipanda. Kabla 1971 haijaisha kampuni ya Disney ilikuwa imeichukua yenyewe hoteli hiyo, pamoja na ya pili iliyojengwa kwa vyumba vya namna hiyo. Vyumba vya kutengenezewa kiwandani huokoa pesa pale kiwanda kinapopata kazi ya pili na ya tatu. Kwa hoteli mbili tu, kiwanda chenyewe ni sehemu ya gharama ya jengo. Hata hadithi kwamba vyumba hivyo vingeweza kuchomolewa na kukarabatiwa nje siiamini, kwa jinsi miunganisho yake ilivyo.

Kwa jumla mradi ulikula dola milioni 400 hivi, na kilele chake maelfu ya vibarua na mafundi walikuwa saiti kwa wakati mmoja. Tarehe ya kufungua ilikuwa Ijumaa, 1 Oktoba 1971, na haikuchaguliwa kwa bahati: Oktoba shule zimefunguliwa, wasafiri ni wachache. Walikuja wageni kama 10,000, idadi ndogo iliyowashangaza waandishi wa habari na kuwafurahisha wahandisi, kwa sababu mitambo mipya hupimwa kwa mzigo mdogo kwanza. Uzinduzi rasmi ulisubiri hadi mwisho wa mwezi. Roy Disney aliuongoza, na Desemba hiyohiyo akafariki. Mwishoni mwa Novemba, Ijumaa ya mapumziko ya sikukuu ya Shukrani, magari yalijaa barabarani mpaka bustani ikabidi iwazuie watu kwa muda. Hakuna aliyekimbilia kuipanua kwa ajili ya Ijumaa ile. Kwenye hesabu za Price ilikuwa miongoni mwa siku chache ambazo hazikustahili kujengewa.