Arki ya embe kwenye vepu: utajuaje kama inafaa kuingia mapafuni?

Nafanya kazi kwenye duka la dawa katika mji mmoja wa Uingereza, na wateja wangu wengi ni Waswahili wenzangu. Hivi karibuni alinijia kaka mmoja aliyeacha sigara kwa msaada wa vepu, yaani sigara ya kielektroniki. Sasa anataka kujichanganyia maji ya vepu nyumbani. Alimimina mezani kwangu chupa tatu ndogo za arki ya embe, akaniambia, "Dada, niambie ipi nzuri." Tulikaa karibu saa nzima, na mkewe akaongeza ya kwake. Hayo maswali nayaweka hapa kwa sababu si wao tu wanaoyauliza.

Kodi inapanda. Nikijichanganyia mwenyewe kuna ubaya gani?

Sababu yako naielewa. Serikali hapa imetangaza kodi ya pauni 2.20 kwa kila mililita 10 za maji ya vepu kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, na chupa yenyewe ni ya mililita 10. Lakini jua unachojitwika. Maji ya vepu yana vitu vinne: propilini glaikoli na gliserini, ambavyo ni vimiminika vinavyotoa mvuke, kisha nikotini na arki ya ladha. Vitatu vya mwanzo vinajulikana ni nini. Arki ni neno moja tu kwenye lebo, na nyuma yake kunaweza kuwa na kemikali ishirini. Chupa yenye nikotini inayouzwa dukani kihalali, mtengenezaji wake amelazimika kupeleka orodha ya viambato kwa MHRA, mamlaka ya dawa ya Uingereza. Ukichanganya jikoni kwako, mkaguzi ni wewe.

Na niseme mapema: haya nayasema kwa mtu aliyekuwa akivuta sigara. Kama hujawahi kuvuta, hakuna arki nitakayokupendekezea.

Imeandikwa ni salama kwa chakula. Kinacholiwa kitadhuru vipi kikivutwa?

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, nami nataka tupakalie. Kitu ukikimeza kinapita tumboni penye asidi, kisha kwenye ini, na ini kazi yake ni kuvunjavunja kemikali kabla hazijaenea mwilini. Mapafu hayana ulinzi wa namna hiyo. Mirija midogo ya hewa ina utando mwembamba mno, na mvuke unaugusa moja kwa moja, mara mia na zaidi kwa siku.

Mfano wake upo na ni wa kweli. Mwaka 2000, huko Jasper, Missouri, Marekani, daktari aliripoti watu wanane waliowahi kufanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha bisi. Wote walikuwa na ugonjwa wa mapafu usio wa kawaida: mirija midogo ya hewa ilikuwa imejaa makovu na kuziba. Baadhi yao walikuwa wameorodheshwa kungojea kupandikizwa mapafu. Wachunguzi wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, waliufuata mvuke wa ladha ya siagi uliokuwa ukitoka kwenye mapipa ya moto, na ndani yake wakaikuta daiasetili. Daiasetili hiyo hiyo imo kwenye siagi halisi tunayopaka mkate, na hakuna aliyeugua mapafu kwa kula mkate wenye siagi. Waliougua ni walioivuta. Makovu yale hayafutiki.

Hata FEMA, chama cha watengenezaji ladha wa Marekani ambacho ndicho kinachoziorodhesha ladha kuwa salama, kimesema wazi kwamba orodha yake ni ya chakula na haihusu kuvuta. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "ni salama kwa chakula", hajakudanganya. Ila amejibu swali ambalo hukuuliza.

Hiyo ni siagi. Mimi nataka embe.

Embe gani? Embe tupu, au embe yenye maziwa, embe kastadi, embe krimu? Ule ulaini na utamu mzito kwenye ladha za matunda mara nyingi huletwa na daiasetili au na ndugu zake wawili, asetoini na pentanedioni. Mwaka 2015 watafiti wa Harvard walipima ladha 51 za sigara za kielektroniki, nyingi zikiwa za matunda na peremende. Daiasetili ilikutwa kwenye 39. Zilizokuwa na angalau kemikali moja kati ya hizo tatu zilikuwa 47.

Asetoini peke yake watu huiona nyepesi, lakini ikikaa ndani ya maji ya vepu hugeuka taratibu kuwa daiasetili. Chupa iliyokuwa safi siku ya kuchanganya inaweza isiwe hivyo baada ya kukaa kabatini wiki kadhaa.

Matunda nayo yana mambo yake. Cheri hunukia kwa benzaldehaidi, ambayo huwasha koo na njia za hewa. Mwaka 2016 watafiti walipima bidhaa 145 na kuikuta kwenye 108, na za cheri ndizo zilizoongoza kwa kiwango. Tena benzaldehaidi na vanilini, kemikali ya ladha ya vanila, zikishakutana na propilini glaikoli chupani, huungana na kuwa misombo mipya ambayo haikuandikwa kwenye lebo ya yeyote, nayo pia huwasha njia za hewa.

Nikuambie na upande wa pili. Moshi wa sigara una daiasetili pia, mara nyingi nyingi zaidi kuliko ya vepu. Uliyeacha sigara kabisa umepunguza madhara, usirudi huko kwa kuogopa arki. Ila wewe ndiye unayechagua cha kutia kwenye chupa yako, na daiasetili hakuna anayeihitaji.

Basi tuzikague hizi tatu.

Chupa ya kwanza niliigeuza nikasoma viambato, na cha kwanza kabisa kilikuwa mafuta ya alizeti. Hiyo ni arki ya keki. Nilidondosha tone moja kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu. Halikuyeyuka. Lilitanda juu likawa duara linalong'aa rangi rangi kama maji ya barabarani yaliyoingia dizeli. Kaka akaisogeza glasi, akaitazama kimya. Mafuta yakiingia mapafuni kama mvuke hayana pa kutokea, na huleta nimonia ya mafuta. Mwaka 2019 Marekani ilipata mlipuko wa ugonjwa wa mapafu kwa wavuta vepu. Hadi Februari 2020 waliolazwa au kufariki walihesabiwa 2,807, na 68 kati yao walikufa. Kisababishi kikuu kilikuwa asetati ya vitamini E, kitu cha mafuta kilichotiwa kwenye vepu za bangi za magendo. Sisemi arki ya keki ndiyo hiyo. Nasema mafuta na mapafu havikai pamoja, ndiyo maana sipendi kabisa watu wanavyoyaita maji ya vepu "mafuta". Jina hilo limempeleka mtu kwenye chupa isiyo yake.

Chupa ya pili ilitengenezwa kwa ajili ya vepu: imeandikwa propilini glaikoli na "ladha za asili". Tone lake liliyeyuka vizuri. Je, imefaulu? Hapana. Jaribio la glasi linaonyesha mafuta, basi; daiasetili huyeyuka majini bila kuacha alama. Na neno "asili" halina uzito hapa, maana daiasetili ya siagi ni ya asili na ya kiwandani ni kemikali ile ile. Tuliingia kwenye tovuti ya mtengenezaji kutafuta karatasi ya taarifa za usalama. Haikuwepo. Nilimwambia amwandikie muuzaji kuiomba, na chupa aiweke pembeni mpaka ajibiwe.

Ya tatu ilikuwa na karatasi zake. Sehemu ya 2 ya karatasi ya usalama hutaja hatari. Ukiona alama H334, maana yake kitu hicho kinaweza kuleta mzio au pumu kikivutwa. Hapo acha, hasa kama kwenu pumu ipo. Sehemu ya 3 huorodhesha kemikali kwa namba za CAS, ambazo hazibadiliki hata jina likiandikwa kwa lugha nyingine. Zinazofaa kuandikwa kwenye karatasi na kubandikwa kabatini ni hizi: daiasetili 431-03-8, asetoini 513-86-0, pentanedioni 600-14-6, benzaldehaidi 100-52-7, na ile ya mdalasini, sinamaldehaidi, 104-55-2.

Karatasi hiyo ina tundu moja. Kemikali iliyo chini ya kiwango fulani mtengenezaji halazimiki kuitaja, kwa hiyo kutoiona si ushahidi kwamba haimo. Ndiyo maana tunaomba na majibu ya maabara, yenye namba ya toleo inayolingana na iliyo kwenye chupa yako. Kisha tafuta kiwango cha chini ambacho mashine yao inaweza kuona. "Haikuonekana" kwa mashine isiyoona chini ya sehemu 100 kwa milioni ni jibu hafifu: ukitia arki hiyo kwa asilimia 10, maji yako yanaweza kuwa na sehemu 10 kwa milioni na karatasi ikabaki safi. Ya kaka ilikuwa na namba ya toleo sahihi, na mashine iliyoona hadi sehemu 1 kwa milioni. Kati ya zile tatu, hiyo ndiyo niliyomrudishia mkononi.

Nikiona haina utamu, niongeze sukari kidogo?

Usiongeze. Sukari ikipata moto kwenye koili, ule waya unaochemsha maji ya vepu, inaungua, unaona ule utando mweusi, na inapoungua hutoa kemikali za kuwasha ziitwazo aldehaidi, kama fomaldehaidi. Sukralosi, ile tamutamu ya kwenye chai ya wenye kisukari, nayo ikichomwa huvunjika na kutoa misombo yenye klorini. Asali, juisi ya embe, sharubati: usitie hata tone. Kuna aliyeniuliza kuhusu juisi ya embe la Tanga, embe la kweli kabisa. Juisi ina sukari, nyuzi na vijidudu, na mapafu hayana meno.

Gliserini ya kujipaka inafaa?

Nunua iliyoandikwa USP, BP au Ph. Eur., yaani ya kiwango cha dawa, kwenye chupa iliyofungwa na yenye jina la mtengenezaji. Si masihara. Mwaka 2022 nchini Gambia zaidi ya watoto 60 walikufa kwa figo kushindwa kazi baada ya kunywa dawa za kikohozi zilizochanganyika na ethilini glaikoli na daiethilini glaikoli. Sumu hizo mbili zinafanana kwa macho na gliserini na propilini glaikoli, na ni rahisi kwa bei, kwa hiyo wachakachuaji huzipenda. Ya kupimiwa kwenye dumu usiiguse.

Nitie arki kiasi gani?

Anza na asilimia 3, yaani mililita 0.9 kwenye chupa ya 30. Ikiwa hafifu panda hadi 5. Pima kwa mzani mdogo wa jikoni au sirinji, usikadirie kwa jicho, na andika tarehe na namba ya toleo kwenye chupa. Pua huzoea ladha ndani ya siku chache na kuanza kudai zaidi. Ukifika hapo badilisha ladha badala ya kuongeza kipimo. Koo likiwasha, kifua kikibana au ukianza kukohoa upya, mwaga chupa hiyo. Kubanwa pumzi si jambo la kungojea kesho.

Mke: Nyumbani nina mtoto wa miaka miwili. Hizi chupa zinanukia embe.

Mama, wewe ndiye uliyeuliza swali kubwa kuliko yote. Arki yenyewe ikimfikia mtoto itamchefua. Nikotini inaweza kumuua. Mwaka 2014 huko Fort Plain, jimbo la New York, mtoto wa mwaka mmoja alikufa baada ya kumeza nikotini ya maji, na Marekani ikatunga sheria ya vifuniko visivyofunguka na mtoto. Hapa Uingereza nikotini haiuzwi kwa mlaji ikizidi miligramu 20 kwa mililita, lakini chupa moja ya mililita 10 tayari ina miligramu 200. Ile kali ya kuagizwa mtandaoni isiingie nyumbani kwako.

Nikotini ikae kwenye kisanduku chenye kufuli, juu, mbali na friji. Kuchanganya kufanyike mtoto akiwa amelala, kwa glavu, mbali na meza ya chakula. Ikimwagikia ngozi, vua nguo iliyolowa na osha kwa maji mengi, kwa sababu hupenya kwenye ngozi. Mtoto akionja, usimtapishe: piga 999 hapo hapo na uwe na chupa mkononi uwasomee lebo. Dalili ni kutapika, mate mengi, jasho, kupauka, moyo kwenda mbio, kisha degedege.

La mwisho, dada. Mdogo wangu yuko Kampala, ameomba nimpelekee chupa moja ya embe.

Sheria ya Uganda ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015 imepiga marufuku kuingiza na kuuza sigara za kielektroniki. Nikamwuliza, mdogo wako anavuta sigara? Akasema hapana, amevutiwa na ladha tu. Mpelekee kitu kingine, kaka.