Je, wajua kwa nini Ziwa Victoria huchafuka usiku?

Jioni pale mwalo wa Igombe, Mwanza, wavuvi wa dagaa hupakia taa na nyavu huku ziwa likiwa shwari kabisa. Ikifika saa nane usiku, huko katikati ni radi na mawimbi. Mbona nchi kavu mvua hunyesha zaidi alasiri, na ziwani husubiri watu walale?

Chanzo ni maji, ambayo hupata joto na kupoa polepole kuliko ardhi. Mchana nchi kavu huchemka mapema, hewa yake hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda pwani; mawingu hujengeka juu ya vilima. Usiku mambo hugeuka. Ardhi imepoa, maji bado yana uvuguvugu, basi upepo hutoka pande zote, Mwanza, Bukoba, Kisumu, Entebbe, ukakutana katikati. Hewa hiyo haina pa kwenda ila juu, na imesheheni mvuke wa ziwa lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800.

Sasa ongeza joto la dunia. Kila nyuzi 1 inayopanda, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Wim Thiery wa Ubelgiji walionyesha kwamba, hadi mwisho wa karne hii, mvua kali kupindukia zitaongezeka juu ya ziwa kwa kasi karibu mara mbili ya nchi kavu, ingawa wastani wa mvua ziwani huenda ukapungua. Hapo ndipo wengi tunapochanganyikiwa: mvua kupungua hakumaanishi usalama.

Kundi hilohilo liliona dalili nzuri pia: radi nyingi nchi kavu alasiri hutangulia dhoruba ya usiku ziwani. Picha za setilaiti zinaweza kuionyesha kabla mitumbwi haijang'oa nanga.

Ila kujua ni jambo moja, kubaki nyumbani ni jingine. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa kuwa mbalamwezi huzishinda taa. Giza halidumu mwezi mzima, mafuta ya injini yamekopwa, na tajiri mwenye mtumbwi anangoja hesabu yake. Mtabiri wa hali ya hewa hawezi kulitatua hilo peke yake. Ndiyo maana mradi wa HIGHWAY, ulioongozwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulizikutanisha taasisi za hali ya hewa za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda na wavuvi wenyewe, utabiri uandikwe kwa mahitaji yao. Kwa mvuvi, milimita za mvua hazisaidii sana. Anataka kujua mawimbi yatapanda kiasi gani, upande upi wa ziwa, na kuanzia saa ngapi.