Filta ni ya mwisho: yanayosemwa na yaliyo kweli kuhusu kurudisha maji ya kuoshea magari

Jumamosi saa nne asubuhi. Noah nyeusi imepanda juu ya zege, kijana kaishika bunduki ya presha kwa mikono miwili, povu linateremka kwenye vioo, linapita chini ya tairi na kuingia mtaroni. Mwenye eneo kasimama pembeni, ankara ya maji mkononi. "Fundi," ananiambia, "nitafutie filta nzuri tu, haya maji niyarudishe kwenye simtanki."

Kazi yangu ni kujenga chemba za majitaka kwenye sehemu za kuoshea magari, Dar es Salaam na mkoa wa Pwani, na sijakutana bado na mwenye eneo ambaye hakuanzia kwenye filta. Walioinunua kwanza huwa wananiita baada ya wiki mbili, filta imejaa tope kama kiatu cha masika. Maneno ninayoyasikia kwao ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaandika hapa na majibu yake.

"Mashine ya presha ndiyo inayokula maji"

Chukua ndoo ya lita 20 na simu yenye saa, upime mwenyewe. Mpira wa nusu inchi ulioachwa wazi unaijaza kwa dakika moja hivi, na mpira ukilazwa chini wakati kijana anasugua, maji yanaendelea kwenda. Mashine ya kazi inatoa lita 10 hadi 15 kwa dakika, na ukiachia kidole kwenye bunduki inakata. Gari dogo lililopigwa maji dakika nane halisi linatumia lita 80 hadi 120. Magari 30 kwa siku ni kama yuniti tatu, yaani lita 3,000. Hizo yuniti tatu ndizo tunazozungumzia. Mashine haina kosa.

"Mtaro si wa serikali? Maji yanaenda kusafishwa huko mbele"

Hili ndilo linaloniumiza kichwa, maana wanaolisema ni watu wasomi kabisa. Jijini kuna mifumo miwili ambayo haikutani. Bomba la majitaka, kwa wachache waliounganishwa nalo, linapeleka uchafu kwenye mabwawa kama yale ya Vingunguti. Mtaro wa mvua haupeleki kitu kwa mtu yeyote wa kusafisha. Unapeleka mtoni. Ukiufuata ule wa Jumamosi kwa miguu unafika Msimbazi, na Msimbazi unaingia baharini pale Salander. Povu, grisi, vumbi la breki na dizeli vinafika vilevile vilivyotoka kwenye gari.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Hesabu mwenyewe ni wangapi wameweka zege na pampu ndani ya hizo mita. Wenzetu wa Kenya, kwenye kanuni zao za ubora wa maji za mwaka 2006, waliandika kiwango cha mafuta na grisi kinachoruhusiwa kuachwa kiende kwenye mazingira: hakuna, hata kidogo.

Na sabuni iliyoandikwa kwenye dumu kwamba "inaoza" haibadilishi hesabu. Inaoza, ndiyo, kwa siku kadhaa. Samaki anakutana nayo siku ya kwanza.

"Chimba shimo refu, maji yatatulia yenyewe"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi inapofukiwa.

Uchafu haushuki kwa mwendo mmoja. Punje ya mchanga ya milimita 0.1 inashuka mita nzima kwa dakika mbili tatu. Vumbi laini la maikroni 10, yaani sehemu ya kumi ya punje hiyo, linahitaji kama saa tatu kushuka mita hiyohiyo. Udongo mwekundu unaoletwa na magari ya shamba una chembe za maikroni 1 na pungufu, na hizo zinahitaji siku kumi na mbili hivi, tena maji yakiwa yametulia tuli. Ukipunguza ukubwa mara kumi, mwendo unapungua mara mia. Ndiyo maana maji ya mfinyanzi ukiyaacha kwenye chupa usiku kucha, asubuhi unayakuta mekundu vilevile.

Kuchimba kirefu hakusaidii kama watu wanavyodhani. Shimo likiwa na kina mara mbili, maji yanakaa humo mara mbili, lakini na chembe nayo ina safari mara mbili kufika chini. Umebaki palepale. Kinachofanya kazi ni upana wa sakafu. Chukua mashine mbili za lita 12 kwa dakika zikifanya kazi pamoja: hiyo ni mita za ujazo 1.44 kwa saa. Vumbi la maikroni 10 linashuka kama sentimita 32 kwa saa. Gawanya: unahitaji sakafu ya mita za mraba nne na nusu, na maji yaingie taratibu upande mmoja yatoke upande wa pili, bila kukoroga. Chemba ndefu ya kina cha mita moja inalishinda shimo jembamba la mviringo lenye kina cha mita nne, na hata kuitoa tope ni rahisi.

Kwa chembe zile zisizoshuka kuna shabu, ileile ya dukani. Inazikusanya zikawa mabonge, mabonge yakashuka. Mtu akikuambia "weka kijiko kimoja kwa simtanki", anabahatisha. Jaza chupa sita za maji yaleyale ya chemba, weka shabu iliyoyeyushwa kwa viwango tofauti, koroga, subiri nusu saa, chagua chupa iliyosafika kwa kiwango kidogo kuliko zote. Rudia masika yakianza, maana tope la masika si la kiangazi. Shabu ikizidi inayafanya maji kuwa na ukali wa tindikali, na hilo pampu yako hailipendi.

"Mafuta si yanaelea? Yanachotwa tu juu"

Yanaelea kama hujayaharibu. Jaribu hivi: vikombe viwili vya kioo, maji nusu, kijiko cha oili chafu kila kimoja. Cha kwanza kitikise, weka mezani. Kabla chai haijapoa oili imerudi juu. Cha pili ongeza matone machache ya sabuni ya injini, kitikise. Kinageuka rangi ya maziwa yaliyotiwa vumbi. Kesho yake bado ni maziwa. Mafuta yapo humo humo, yamekatwa vitone vidogo mno, na kila kitone kimevikwa sabuni kisishikane na mwenzake.

Sasa fikiria bunduki ya presha, maji ya moto na sabuni kali, vyote kwa pamoja juu ya injini ya Fuso. Hakuna namna nzuri zaidi ya kutengeneza hayo maziwa. Yakifika kwenye chemba ya mafuta yanapita kama hayajaiona. Nimewahi kujenga chemba tatu safi, ya mchanga, ya mafuta na ya maji, elbo zimegeuzwa chini zichote katikati, kila kitu kama kwenye mchoro, na maji yakatoka kama maziwa kwa sababu tu vijana walibadilishiwa sabuni na hakuna aliyeniambia. Nilibomoa ukuta mmoja kutafuta kosa. Kosa lilikuwa kwenye dumu.

Kwa hiyo kabla ya filta, uliza sabuni. Zipo zinazoachia mafuta haraka baada ya kuosha. Kikombe cha pili kitakuonyesha ipi ni ipi. Injini iwe na sehemu yake pembeni, na kwanza ifutwe kwa tambara au vumbi la mbao, maji baadaye. Anayeosha injini kwa dizeli juu ya zege lileile la magari madogo asiongee habari za kurudisha maji.

"Maji yakishakuwa meupe yanafaa kwa kila kitu"

Weupe unaonekana kwa macho, chumvi haionekani. Filta ya mchanga haikamati chumvi, na shabu haiigusi. Visima vingi vya pwani vina chumvi tangu vinachimbwa, na maji yakizunguka huku mengine yakikauka juani, chumvi inabaki na kuzidi, kama ukoko mweupe ndani ya birika. Utaijua kwa madoa kwenye gari jeusi. Dawa yake ni rahisi: maji ya kuzunguka yapige tope, matairi, chini ya gari na povu la kwanza, suuza ya mwisho iwe ya maji safi. Hiyo suuza ndiyo pia inayojazia yanayopotea, kwa sababu mengine yanaondoka na gari na mengine yanapeperuka. Anayekuuzia mtambo kwa ahadi kwamba kila lita itarudi, muulize gari linatokaje likiwa kavu.

Mashine nayo ina ya kwake. Mchanga laini unaopita unakula sili za pampu na kutanua tundu la nozo, presha inashuka, na kijana anaanza kusogea karibu na rangi ya gari kutafuta nguvu.

Halafu harufu. Maji yaliyolala na sabuni na majani bila hewa yananuka mayai viza baada ya siku mbili tatu. Kipampu kidogo cha kupuliza hewa usiku kucha kinatosha kwa maeneo mengi. Klorini iwekwe baada ya maji kusafika. Ukiitia kwenye tope inaliwa na uchafu kabla haijaua kitu.

Klorini naisisitiza kwa sababu mashine ya presha inageuza maji kuwa ukungu, na ukungu unavutwa kifuani. Bakteria wa lejionela, wanaoleta homa kali ya mapafu, hustawi kwenye maji ya vuguvugu, na simtanki jeusi kwenye jua la Dar ni vuguvugu tosha. Huko Pas-de-Calais, Ufaransa, mwishoni mwa 2003 na mwanzoni mwa 2004, watu 86 waliugua na 18 wakafariki kutokana na minara ya kupozea maji ya kiwanda. Mlipuko ulipanda upya wakati minara hiyo ikisafishwa kwa mashine za presha, na waliougua walikuwa hadi kilomita sita na zaidi kutoka hapo.

"Ziwani ni bure, ya nini kuzungusha?"

Kisumu, Kenya, magari yameoshwa miaka mingi yakiwa yamesimama ndani ya Ziwa Victoria, na waoshaji maji yamewafika magotini. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, waliwafuatilia hawa waoshaji kwa kichocho: wanatibiwa kwa prazikwanteli, wanarudi kazini, wanaambukizwa tena. Baadhi yao miili ilijenga kinga baada ya kutibiwa tena na tena. Matokeo yalichapishwa 2002. Mdudu wa kichocho anayepenya ngozi akitoka kwenye konokono haishi zaidi ya saa 48 hivi bila mtu. Maji ya ziwa yakipigwa pampu hadi tangini, yakalala siku mbili pasipo konokono, muoshaji hana sababu ya kuloweka miguu.

"Tope ni udongo tu, litupe nyuma ya ukuta"

Lile la chemba ya kwanza lina mchanga, ndiyo, lakini limenywa oili, na lina vumbi la breki na matairi ndani yake. Ukilitupa nyuma ya ukuta, mvua ya kwanza inalirudisha mtaroni. Likaushwe kwenye sakafu ya zege yenye paa, maji yake yakirudi chembani, kisha liende kwa wenye kibali cha taka hatarishi. Oili iliyochotwa juu ina wanunuzi wake.

Yule wa Noah nyeusi hajanunua filta mpaka leo. Ametanua chemba, amebadilisha sabuni, na amenunua koleo la mpini mrefu na mapipa mawili yenye mifuniko.